Programu ya ufanano au maswali ya ana kwa ana: chuo kianzie wapi kuzuia wizi wa kitaaluma?

Chuo kidogo kikipata fedha kidogo za kupambana na wizi wa kitaaluma, mezani hubaki njia mbili. Ya kwanza ni kulipia programu ya kukagua ufanano: mwanafunzi anapakia kazi yake, mashine inatoa asilimia. Ya pili ni kuzielekeza fedha na saa hizo kwa walimu, wasome rasimu mapema, wamwite mwanafunzi, wamuulize juu ya alichoandika. Hapa Mwanza swali hili limeshafika kwenye kamati yetu ya taaluma, na najua linawasumbua pia wenzetu wa Geita, Musoma na Bukoba, maana hunipigia simu. Mimi nafundisha mbinu za utafiti na nasimamia tafiti za wanafunzi. Nimezitumia njia zote mbili na nina upande wangu, ila kila moja nitaipa haki yake.

Kwanza tukubaliane tunapambana na nini. Wanafunzi husema kukopi na kupesti, au kudesa, na neno hilo moja linafunika mambo manne yasiyolingana. Kuna anayenyanyua aya nzima ya mtu bila kumtaja. Kuna anayeunga viraka: anabadilisha neno hapa na pale, lakini hoja, mpangilio na mwendo wa sentensi ni vya mwenyewe aliyeandika mwanzo. Kuna anayetafsiri makala ya Kiingereza kwa Kiswahili na kuiweka kama yake. Na kuna anayekwenda steshenari na flashi mkononi, analipa, anarudi baada ya wiki mbili na utafiti mzima uliokwisha kubaindiwa. Kabla hujachagua njia, jiulize ni lipi kati ya haya manne linalokula chuo chako zaidi, kwa sababu hakuna njia inayoyaona yote.

Kile programu inachokiona

Turnitin, ambayo ndiyo maarufu zaidi vyuoni, hailinganishi mawazo. Inalinganisha mfuatano wa maneno. Inachukua faili la mwanafunzi na kulipitisha kwenye kurasa za intaneti, majarida ya kitaaluma na kazi za wanafunzi zilizopakiwa zamani, kisha inaleta ripoti yenye asilimia na rangi. Buluu ni kwamba hakuna kilichofanana, kijani inafika asilimia 24, njano ni 25 hadi 49, rangi ya chungwa 50 hadi 74, na nyekundu ni kuanzia 75.

Kwa aliyenyanyua aya nzima kutoka mtandaoni, programu haina mpinzani. Mwalimu mwenye asainimenti 200 hawezi kukumbuka ni wapi aliisoma sentensi fulani. Mashine inaonyesha chanzo kwa dakika chache, na inaonyesha pia wanafunzi wawili wa darasa moja waliopeana kazi. Halafu kuna faida ninayoipenda kuliko zote, ambayo vyuo vingi huiacha: ukimruhusu mwanafunzi kupakia rasimu na kuisoma ripoti yake mwenyewe kabla ya tarehe ya mwisho, anajifunza. Anaona aya yake imepakwa rangi, anarudi kuiandika upya au kuweka jina la mwenye hoja. Hapo programu inafanya kazi ya ualimu.

Shida huanza pale asilimia inapochukuliwa kama maksi. Vyuo huweka kikomo, tuseme 20 au 25, na kuanzia siku hiyo mwanafunzi haulizi tena "nimetumia kazi ya nani?" Anauliza "nipunguze vipi ifike 19?" Kampuni yenyewe inasema ripoti yake inapima ufanano, na kwamba kuamua kama ni wizi ni kazi ya mwalimu. Lakini nimeona kazi zikirudishwa mlangoni na karani aliyetazama namba tu.

Nikupe kisa cha siku moja. Nilikuwa na ripoti mbili mezani, zote za tafiti za wanafunzi wa mwaka wa tatu, zote kuhusu dagaa. Ya dada mmoja wa Ukerewe ilikuwa na asilimia 38. Ya kijana mmoja ilikuwa na 6. Kwa kanuni ya kikomo, dada arudishwe na kijana aende kwenye utetezi.

Nikaifungua ile ya 38 ukurasa kwa ukurasa. Rangi ilikuwa kwenye tamko la uhalisi, ambalo maneno yake huwekwa na chuo na kila mwanafunzi huyanakili. Ilikuwa kwenye dodoso alilolichukua kwenye utafiti wa mtu na kumtaja vizuri. Ilikuwa kwenye orodha nzima ya marejeo. Ilikuwa pia kwenye sentensi ambayo nimeisoma mwanzoni mwa tafiti nyingi sana: kwamba Ziwa Victoria ndilo kubwa kuliko yote Afrika, lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na limegawanyika kati ya Tanzania, Uganda na Kenya. Hayo ni maarifa ya kila mtu, na hakuna namna mia za kuyasema. Nilipoondoa marejeo na nukuu (programu ina vitufe vya kufanya hivyo) na kuyaweka kando hayo mengine, palibaki aya mbili tu kwenye sura ya pili ambazo kweli hazikuwa zake. Tulikaa nazo nusu saa.

Ile ya asilimia 6 nitaifikia.

Kuna pengo jingine ambalo sisi wa Kiswahili tunapaswa kulitazama kwa macho mawili. Hazina ya programu hizi imejaa Kiingereza. Maandishi ya Kiswahili yaliyomo ni machache, kwa hiyo tasnifu ya Kiswahili ikipata asilimia 4, hiyo 4 haina uzito ule ule wa tasnifu ya Kiingereza. Aliyetafsiri makala kutoka Kiingereza anaweza kupita akiwa na kijani safi. Na yule aliyechukua ripoti ya zamani yenye jalada gumu kwenye rafu ya maktaba, akakaa wiki nzima akiichapa upya neno kwa neno, programu haimwoni kabisa, kwa sababu ripoti hiyo haijawahi kuingia kwenye hazina yake. Dawa ya hili ni rahisi kuliko leseni ya kila mwaka: chuo kihifadhi tafiti zake zote kidijitali. DSpace, mfumo wa bure uliotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT cha Marekani pamoja na kampuni ya HP, unatumika kwa kazi hiyo duniani kote. Unahitaji mtu mmoja wa TEHAMA na seva inayotunzwa.

Kuhusu akili bandia nitasema kwa kifupi, ingawa siku hizi ndiyo inayoulizwa zaidi. Baada ya ChatGPT kutoka Novemba 2022, Turnitin iliongeza kitambuzi cha maandishi ya mashine mwezi Aprili 2023. OpenAI, kampuni iliyoitengeneza ChatGPT, nayo ilikuwa na kitambuzi chake, ikakiondoa Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vitambuzi 7 kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa za mashine. Sasa mfikirie mwanafunzi wetu, aliyelelewa kwa Kisukuma au Kikerewe, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na leo anaandika utafiti kwa Kiingereza cha sentensi fupi alizozizoea. Sitakubali mwanafunzi wa namna hiyo adisko, yaani afukuzwe chuo, kwa ushahidi wa kitambuzi peke yake, na nawaomba wenzangu wasikubali.

Kile mwalimu anachokiona

Njia ya pili haina mashine. Mwanafunzi anakabidhi kazi kwa vipande: mada na swali kwanza, halafu orodha ya alivyosoma pamoja na maneno yake mwenyewe machache juu ya kila kimoja, halafu dodoso, halafu daftari la uwandani, halafu sura moja moja. Mwishoni anakaa mbele ya walimu wawili na kuulizwa.

Basi yule kijana wa asilimia 6 nilimwita. Kazi yake ilikuwa laini mno, Kiingereza kimenyooka kuliko changu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu, keti. Hapa umeandika ulikaa mwaloni siku thelathini mfululizo."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na kila alfajiri ulipima dagaa walioletwa na mitumbwi?"

"Ndiyo, Mwalimu. Kila alfajiri."

"Siku za mbalamwezi je?"

Akanyamaza.

Mtu aliyekaa mwezi mzima kwenye mwalo wowote wa ziwa hili, pale mitumbwi inaposhusha samaki, angejibu hilo bila kufikiri. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwepo hukusanyika kwenye mwanga. Mwezi ukiwa mpevu mwanga uko kila mahali, hawakusanyiki, na wavuvi hupumzika siku kadhaa, nyavu zikianikwa na kushonwa. Jedwali la kijana lilikuwa na kilo za dagaa kwa siku zote thelathini. Baada ya muda akasema, bila kuinua uso, "Mwalimu, niliandikiwa."

Sikufurahi. Nilijiuliza nilikuwa wapi miezi minne ambayo hakuwa ameniletea hata ukurasa mmoja, na mimi sikumuuliza. Angeniletea daftari la uwandani wiki ya pili, tungegundua mapema kwamba hakuwa na nauli ya kufika mwaloni, na tungebadilisha mada afanye utafiti hapa hapa mjini.

Hiyo ndiyo nguvu ya njia hii, na ndiyo sababu niko upande wake. Kazi ya kununua, ambayo programu haiioni kwa kuwa imeandikwa upya, huanguka kwenye swali la tatu. Kuunga viraka nako huonekana, ila hapo lazima mwalimu akae na kalamu. Nitatunga mfano. Tuseme chanzo kinasema: "Kuanika dagaa mchangani hupunguza ubora kwa sababu samaki huchanganyika na uchafu, hivyo bei hushuka sokoni." Mwanafunzi anaandika: "Uanikaji wa dagaa kwenye mchanga hushusha ubora kwa kuwa samaki hao huchangamana na takataka, hivyo basi bei huporomoka sokoni." Maneno kadhaa yamebadilika. Mifupa ni ile ile, na aliyeianza hajatajwa. Mwanafunzi huyu mara nyingi anaamini kabisa kwamba amefanya alichofundishwa, maana sekondari aliambiwa "andika kwa maneno yako" na akaelewa "badilisha maneno."

Namna ninayomfundisha ni hii: soma aya, funika kitabu, nisimulie kwa Kiswahili kana kwamba unamsimulia mama yako, kisha andika ulichosimulia, taja uliyemsoma, na ongeza ulichokiona wewe. Yule dada wa Ukerewe alifunika kitabu akaniambia: "Huyu mwandishi anasema mchanga ndio unaoua bei. Lakini akina mama niliowahoji wanasema chanja za kuanikia wanazitaka, ila mbao ni ghali, na mvua ikija ghafla aliyeanika chini anakusanya haraka kuliko wa kwenye chanja." Nikamwambia aandike hivyo hivyo. Ikawa aya bora kuliko zote katika kazi yake.

Udhaifu wa njia hii nao ni mkubwa na sitaufunika. Inakula muda. Wanafunzi 60 kwa dakika 10 kila mmoja ni saa 10 za maswali ya mwisho peke yake, kabla hujahesabu rasimu. Mwalimu mwenye wanafunzi 300 wa mwaka wa kwanza haiwezi. Kwake yeye programu ni msaada wa kweli. Inategemea pia uadilifu wa anayeuliza. Mwalimu anaweza kumbana asiyempenda na kumpitisha anayempenda, jambo ambalo mashine haifanyi. Na kumwita mwanafunzi wa kike peke yake ofisini jioni "kwa ajili ya rasimu" ni mlango ambao rushwa ya ngono imepitia mara nyingi. Kwa hiyo walimu wawe wawili, mlango uwe wazi, maswali na majibu yaandikwe na mwanafunzi asaini. Chuo kisichoweza kusimamia haya, kisianze na njia hii.

Lugha nayo ina nafasi yake. Ruhusu Kiswahili kwenye maswali hata kama kazi ni ya Kiingereza. Unachotafuta ni kama anaijua kazi yake. Nimeona mwanafunzi akitetemeka kwa Kiingereza hadi ukamdhania mwizi, na alipoachiwa Kiswahili akaeleza sampuli yake vizuri kabisa.

Akikamatwa: kamati au meza ya msimamizi?

Hapa pia kuna uchaguzi, na vyuo hukosea kwa kuchagua kimoja kwa makosa yote.

Kupeleka kila jambo kamati ya nidhamu kuna heshima yake: kuna muhtasari, kuna usawa, na hakuna mwalimu anayemaliza jambo kichinichini. Ila kamati hukaa mara chache, na aliyeunga viraka mwaka wa kwanza akisubiri miezi mitatu na jina likiwa limechafuka, anachojifunza ni woga. Kumwachia msimamizi kila jambo kuna wepesi, lakini aliyenunua utafiti mzima anaambiwa "karekebishe," na mwakani darasa zima linajua bei ya steshenari.

Mimi nagawa kwa aina ya kosa na hatua ya masomo, na asilimia naiacha pembeni. Kuunga viraka au kusahau kutaja chanzo kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: arudie kazi kwa msimamizi, na iandikwe kwenye daftari la idara ili akirudia ijulikane si mara ya kwanza. Kunyanyua aya nzima mwaka wa tatu: sifuri ya kazi hiyo na kurudia, mkuu wa idara ajue. Kununua kazi, kubuni data, au kuchukua tasnifu ya mwingine: kamati, bila kupitia njia ya mkato. Huko kamatini yawepo mambo ambayo chuo hakipaswi kuyaruka hata kosa likionekana wazi: mwanafunzi apewe ushahidi kwa maandishi na muda wa kuusoma, asikilizwe, aliyemshtaki asikae kwenye kiti cha anayehukumu, na awe na nafasi ya kukata rufaa.

Nimesikia utetezi mmoja mara kwa mara: "Aliyeniandikia ameridhia, nimemlipa, wizi uko wapi?" Hapo watu wanachanganya hakimiliki na uaminifu wa kitaaluma. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, inalinda haki ya mwandishi juu ya kazi yake. Mwandishi akiridhia, huenda hana dai. Lakini chuo hakitoi shahada kwa aliyelipa. Kinamthibitisha mtu kwamba anaweza kutafiti, na cheti hicho kitapelekwa hospitalini, shuleni au kwenye ofisi ya uvuvi ya halmashauri kikiaminiwa. Wala muda haulifuti jambo hili. Karl-Theodor zu Guttenberg alikuwa waziri wa ulinzi wa Ujerumani Chuo Kikuu cha Bayreuth kilipomvua udaktari Februari 2011 kwa kunakili. Mwezi uliofuata aliachia uwaziri.

Nani achague nini

Chuo cha stashahada chenye madarasa madogo na tafiti za uwandani: anzia kwa walimu. Usilipie leseni mwaka huu. Kwa sentensi inayokutia shaka, iweke ndani ya alama za nukuu na uitafute Google; ni bure, na wanaonyanyua mtandaoni wengi hunaswa hapo. Akiandikia Google Docs, mwombe akufungulie historia ya matoleo, uone kazi ilivyokua siku baada ya siku au ilivyotua yote usiku mmoja.

Chuo kikuu chenye mamia kwenye darasa moja, wanafunzi wa uzamili na watafiti wanaopeleka makala majaridani: lipia programu, kwa sharti kwamba mwanafunzi aione ripoti yake kabla ya kukabidhi, na hakuna anayeadhibiwa kwa namba ambayo mwalimu hajaifungua ukurasa kwa ukurasa. Utetezi wa ana kwa ana ubaki pale pale.

Idara ya Kiswahili: programu iwe ya mwisho kabisa kwenye orodha yenu. Fedha zenu ziingizeni kwenye kuskani tafiti za rafuni na kuziweka kidijitali.

Chuo ambacho walimu wamezidiwa na hakina fedha za leseni: badilisheni maswali. "Jadili umuhimu wa uvuvi" inauzwa steshenari ikiwa tayari. "Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi, zungumza na wachuuzi watatu wa dagaa, linganisha walichokwambia na sura ya nne ya kitabu chetu" haina aliyeiandika bado.

Kwetu, nimeiomba kamati ianze na wanafunzi wa mwaka wa tatu peke yao muhula ujao. Daftari la uwandani likabidhiwe wiki ya pili, na kwa asiye na nauli ya kufika uwandani, tujue wiki hiyo hiyo.